Chupa ya Mkwe Mtarajiwa

Kizuri chajitembeza, kibaya chajiuza. Najua wahenga walisema kinyume chake. Wahenga hawakuwahi kuuza marashi kwenye soko la nyama la Burma.

Mimi nimeuza pale miaka minne. Nimekiona kibaya kimekaa kwenye kabati la kioo, chini ya taa, kimya, na watu wanakifuata pochi zao zikiwa wazi. Kizuri nimekibeba mwenyewe kwenye sinia, bucha hadi bucha, nikiomba pua za watu kama mtu anayeomba kura.

Kwa hiyo msiniulize niliitambuaje ile harufu.

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungia nyama kabla hujalisoma, shika haya. Sylvance Amolo, mchumba wangu wa mwaka mmoja na nusu, alikuja nyumbani kwetu Kaloleni na watu wake kujitambulisha. Mbele ya wazee alimkabidhi baba yangu, Mzee Mulama, chupa ya Corvessi, yale marashi ya wanaume kutoka Italia, ya bluu, ndani ya boksi lake. Bei ikatangazwa: shilingi elfu kumi na nane. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba akajipulizia shingoni mara mbili.

Harufu ikanifikia nilipoketi. Haikuwa Corvessi. Ilikuwa yangu, ile ninayoichanganya kwa mikono hii na kuiuza mia tano.

Hapo ndipo tulipoachana. Twende.

"Baba, usijipulizie tena," nilisema.

Hema zima liligeuka kunitazama. Siku ya kujitambulisha binti huongea mara moja tu, pale anapoulizwa kama anawajua wageni. Akisema ndiyo, chakula hupakuliwa. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo kabla ya kuulizwa, na nilikuwa nimeufungua kumkataza baba.

Senje Nekesa, dada yake baba aliyenilea tangu mama alipotutoka, alinifinya paja. "Umeingiwa na nini? Zamu yako haijafika."

"Basi niulizwe sasa."

Baba mdogo Kweyu, msemaji wa upande wetu, alicheka kuficha aibu. "Wageni wetu, msichana wa mjini ana haraka. Haya, Ayuma. Watu hawa unawajua?"

"Watu nawajua," nilisema. "Zawadi naijua zaidi."

Mtu alipiga kigelegele kimoja akidhani nasifu. Hakuna aliyemwitikia.

Sylvance alitabasamu. Ni mtu wa mauzo, tabasamu lake halichelewi kazini. Alikuja hadi kwenye mkeka wangu, akajifanya ananitengenezea leso begani.

"Ayuma, wacha hizo," alininong'oneza. "Mdosi wangu yuko hapa. Unataka kunichoma?"

Mdosi wake alikuwapo kweli. Bwana Phares, meneja wa kampuni ya bima anakofanya kazi Sylvance, ndiye aliyekuja kama msemaji wao. Suti ya kijivu, viatu vya kujiangalia uso, kitambi kilichokaa kwenye kiti cha mbele kama mgeni wa pili.

"Binti ana neno kuhusu zawadi?" aliuliza kwa upole. "Mimi mwenyewe natumia hiyo hiyo. Hata leo nimejipulizia. Hayo ni marashi ya heshima, mama. Si ya kuuzwa kando ya matumbo."

Kando ya matumbo ndipo ninapouza. Wote wa upande wetu walilijua hilo. Baba aliangalia viatu vyake.

"Naomba vitambaa viwili safi," nilisema.

Nina stashahada ya kemia. Nilifanya kazi maabara ya kiwanda kimoja cha sabuni mpaka kikafunga, na kwa mshahara wangu wa kwanza nilinunua kichupa cha Corvessi halisi, mililita tano, si cha kujipaka. Cha kusoma. Wengine hutembea na Biblia ndogo mkobani. Mimi hutembea na kile. Nilikisoma miezi minane, tone moja kwa wiki, hadi nikajua kila kilichomo kinapoingia na kinapotoka.

Corvessi na yangu zikipulizwa pamoja, dakika ya kwanza huwezi kuzitofautisha. Ndimu, pilipili manga, kitu fulani cha baridi kama sarafu mdomoni. Baada ya hapo njia zinaachana. Corvessi inatulia, inakuwa kama mbao zilizochongwa na sabuni ya bei. Inapendeza sana. Lakini ilitungiwa mwanamume anayeketi ofisini chini ya kipoza hewa.

Yangu niliitungia mwanamume wa Burma. Huyo anatoka kula nyama choma na anataka kufika nyumbani mkewe asijue. Moshi wa mafuta ya mbuzi unaimeza Corvessi kama supu. Kwa hiyo mimi niliweka mchaichai kukata moshi, na chini yake tone la udi kutoka kwa Abdiqadir wa Eastleigh ili ishike nguo. Wateja wangu hurudi. Wake zao pia huja, wakiniuliza kwa nini waume zao siku hizi wananukia hivyo wakitoka kazini.

Vitambaa vililetwa. Cha kushoto nilikidondoshea Corvessi ya kichupa changu. Cha kulia nilikipulizia chupa ya zawadi. Kisha nikaenda uani, pale mbuzi alipokuwa akichomwa, nikavining'iniza kwenye waya juu ya moshi.

"Robo saa," nilisema.

"Tumekuja kuoa au kufanya mtihani?" aliuliza Mzee Opiyo, rafiki wa baba tangu karakana ya reli. Watu walicheka. Soda zikafunguliwa. Sylvance hakuketi. Alisimama nyuma ya baba na mkono wake ulikuwa begani mwa baba, na niliona vidole vikibonyeza.

Sikulitilia maanani. Nilifikiri anajishikilia.

Robo saa ilipoisha nilimpelekea Bwana Phares vitambaa, nimevikunja viganjani asijue kipi ni kipi.

"Wewe ndiye mjuzi wa marashi ya heshima," nilimwambia. "Kimoja ni cha kiwandani Italia. Kingine ni cha kando ya matumbo. Tuambie."

Alinusa cha kushoto, akakunja uso. Alinusa cha kulia, akafumba macho.

"Hiki," alisema, akiinua cha kulia juu kama mchezaji aliyeshinda kombe. "Hiki ndicho orijino! Sikieni nguvu! Hicho kingine kinanuka mbuzi tu."

"Asante, Bwana Phares. Hicho ulichoinua ni changu. Mia tano."

Akina mama wa Ziwani, waliokuja kuimba, walianguka kwa kicheko. Mmoja alisema, "Yarabi, mpeni huyu mtoto duka!" Baba mdogo Kweyu alijaribu kukohoa, akashindwa, akacheka naye.

Bwana Phares hakucheka. Alikuwa ameinua mkono wake wa koti na kuunusa. Akanusa kitambaa. Akanusa mkono tena.

"Sylvance," alisema polepole. "Hii ya kwangu uliniuzia wewe."

Kicheko kilikatika.

"Chupa yangu. Na zile saba nilizowapa wakurugenzi wakati wa Krismasi. Mwenyekiti alinishukuru mbele ya kikao kizima. Ulisema binamu yako anazileta kutoka Dubai."

Sasa sikilizeni mtu wa mauzo anavyogeuka. Sijawahi kuona hata nzi akigeuka hivyo.

"Mkubwa, hata mimi nimedanganywa!" Sylvance alipaza sauti, mikono kichwani. "Mimi nilinunua kwa mtu mjini nikijua ni orijino. Lakini si umesikia? Amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi! Amesema ni yake! Kumbe kiwanda cha feki nimekichumbia!"

"Sylvance!"

"Nini? Si umesema ni yako?"

Nilimkabili. 

"Nilichanganya, ndiyo. Lakini mimi sijavaa jina la mtu. Kila chupa inayotoka kwangu ina karatasi kwa mwandiko wangu: Mithili ya Corvessi, imechanganywa na Ayuma, Burma. Anayenunua anajua anachonunua na anamjua aliyekitengeneza. Harufu ni kama wimbo wa kanisani, mtu yeyote anaweza kuujibu kwa sauti yake. Ukivaa joho la kasisi na kukusanya sadaka, hapo ndipo umekuwa mwizi."

"Maneno matamu," alisema Bwana Phares. Sauti yake ilikuwa imepoa kuliko soda. "Lakini yaliyomo ndani ya chupa ni yako. Polisi wakija, wataanza na nani? Nani ana mapipa? Nani ana spiriti na mafuta? Kijana huyu ana makaratasi na simu. Wewe una kiwanda, binti. Na kesho kila mtu Burma atakujua kwa hilo."

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa shimo. Mimi sina duka. Sina mtaji wa kusemwa. Nina jina langu kwenye kipande cha karatasi, na watu wanaolinunua kwa sababu halijawahi kusema uongo. Likiitwa feki siku moja tu, basi. Sinia nitalifanyia biashara ya njugu.

Kwa hiyo nikafanya ninachojua kufanya. Nikanusa tena.

Nilichukua kitambaa cha kulia, nikakibana puani, nikavuta taratibu mpaka chini kabisa, chini ya mchaichai, chini ya moshi.

Udi ulikuwa umezidi.

Wateja wangu wote ninawawekea tone moja la udi kwa chupa. Isipokuwa kundi moja. Kila mwezi kwa mwaka mzima nilichanganya nusu lita ya peke yake na kuizidishia udi mara tatu, kwa sababu ngozi ya mzee ni kavu na haishiki harufu. Nusu lita ile haikuwa na karatasi ya jina. Aliyeniagiza aliniambia wazee hawana haja na karatasi. Alisema ni ya wastaafu wenzake wa reli, wanaokutana kila Jumatano, na kwamba wananisifu sana, na kwamba Mzee Opiyo sasa anaenda kanisani akinukia kama gavana.

Nilikuwa nikiichanganya ile nusu lita nikiimba.

Nilimgeukia Mzee Opiyo. "Mzee, marashi yangu yanakufaa?"

"Marashi gani, binti yangu?"

"Ninayowatengenezea. Nyinyi wa Jumatano."

Alitazama huku na huku kutafuta mzaha ulipo. "Mimi sijapata marashi yako hata tone. Mimi nikitaka kunukia mke wangu hunipitishia limau. Nani kakwambia..."

 Alimtazama baba yangu, rafiki yake wa miaka arobaini. Wote tulimtazama.

Baba alikuwa bado ameishika chupa ya bluu mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Nipe hiyo chupa, baba."

"Ayuma..."

"Nipe."

Nitawaambia jambo moja kuhusu chupa za bei. Hazifunguki. Chini ya kifuniko kuna kola ya chuma, na kiwandani mashine huibana mara moja tu, pande zote sawasawa, laini kama pete. Anayetaka kuijaza upya lazima aing'oe kola hiyo, ajaze, halafu aibane tena. Kwa mkono hutapata ulaini ule. Ndiyo maana wauzaji wa feki huvisha juu yake kipete cha dhahabu, kuficha shingo.

Nilikichomoa kipete kwa kucha. Kilitoka kirahisi mno.

Shingo ilikuwa imebanwa kwa koleo, polepole, kwa uvumilivu wa fundi. Kazi safi. Nilipitisha kidole. Jino, jino, jino, pengo. Jino, jino, jino, pengo. Kuzunguka shingo nzima.

Kwenye meza mbele yangu kulikuwa na birika la chai. Mkono wa birika hilo ulivunjika nikiwa darasa la tatu, na baba akaufunga kwa waya. Niliinama nikaangalia waya. Jino, jino, jino, pengo. Kifungo cha kiatu changu cha shule kilikuwa na alama hiyo. Kishikio cha dirisha letu kina alama hiyo. Baba alistaafu reli na koleo moja, lililovunjika jino la nne, na kwa koleo hilo alituunganishia kila kitu kilichovunjika katika nyumba hii.

"Ulizibana wewe," nilisema.

Baba aliangalia birika.

"Baba, ulijua. Ulijua umeshika nini wakati ule unajipulizia. Ulitabasamu. Ukasema, 'Mungu awabariki wakwe.'"

"Ayuma, mbele ya wageni..."

"Ni wewe uliyeifunga!"

Ndipo akainua kichwa. Sijawahi kumwona akiwa mzee hivyo. "Sylvance alinijia mwaka jana," alisema. "Alisema ana chupa tupu, anataka mtu wa mkono mtulivu. Alisema akisimama vizuri ofisini atakuoa na utatoka kule sokoni. Nilitaka utoke kule, mwanangu. Msichana aliyesoma, unatembeza sinia katikati ya vichwa vya mbuzi. Watu wa kanisa wananiuliza."

"Nitoke kule kwa kuniibia?"

"Sikukuibia. Ni chupa tu. Na sikuogopa, kwa sababu nilijua kazi yako." Macho yake yaling'aa, na Mungu anisamehe, yaling'aa kwa fahari. "Mwaka mzima, Ayuma. Matajiri wote wale. Hakuna hata mmoja aliyejua tofauti."

Kama angenipiga kofi ningeweza kusimama. Hayo yalikuwa maneno niliyoyangoja kwake miaka minne. Kila Jumapili nilikuwa nikimwekea kitambaa mezani anuse, na kila Jumapili alisema, "Nzuri, nzuri," huku akigeuza gazeti. Kumbe alikuwa amekwisha kunipima, akanipata safi, na akaniuza kwa jina la mtu mwingine.

Nilimgeukia Sylvance. "Ulinipenda lini? Kabla ya chupa au baada?"

Alifikiria. Alifikiria kweli, mshenzi yule. "Vyote vilikuja pamoja," alisema.

Mama mmoja wa Ziwani alitema mate chini.

Bwana Phares alikuwa ameshatoa simu. "Nimesikia ya kutosha. Mzee, wewe ndiye uliyefunga. Kijana, wewe ndiye uliyeuza. Binti, wewe ndiye uliyechanganya. Mimi nitarudi kwa wakurugenzi saba niwaambie nini? Nampigia inspekta mmoja, rafiki yangu. Aje awachukue wote, mtapangana huko huko."

"Mkubwa, subiri!" Sylvance alimshika kiwiko. Akamvuta pembeni, kando ya nguzo ya hema, hatua tatu kutoka kwangu. Sikuhitaji kutega sikio. Alitaka nisikie.

"Kwani unahitaji watu watatu? Unahitaji mmoja wa kuwaonyesha wakurugenzi. Akisema ni yeye aliyeniuzia akidai ni orijino, basi. Wewe na mimi tumedanganywa, hakuna aibu. Yeye ni msichana, hana kosa la zamani, atatozwa faini na kuonywa. Mzee hatajwi. Na mimi bado nitamuoa, naapa. Nitakuwa nimemsamehe."

Nitakuwa nimemsamehe! Nukuu hiyo muiweke kwenye fremu.

Bwana Phares alilipima neno hilo kama mtu anayepima nyama, akaliona lina mfupa mdogo. Akarudi kwenye kiti chake.

"Basi sikilizeni," aliwaambia wazee. "Mimi si mtu mbaya. Binti asimame hapa, akiri kwamba alimuuzia Sylvance kama kitu halisi, aombe msamaha kwangu na kwa wageni, na aandike hivyo kwenye karatasi, atie sahihi. Nikipata karatasi hiyo, jina la Mzee Mulama halifiki kituoni. Nisipoipata, anaondoka leo kwenye gari la polisi kutoka kwenye hema lake mwenyewe. Ana miaka sabini na moja. Mchague."

Alichomoa mfukoni karatasi ndogo yenye nembo ya kampuni, na baba mdogo Kweyu alikuwa na kalamu tayari kabla hajaulizwa. Hilo nalo sitalisahau.

"Ayuma," alisema, "wewe bado kijana. Jina litarudi. Mzee wa sabini na moja akilala seli, harudi."

"Jina litarudi kutoka wapi, baba mdogo? Limepanda basi?"

"Usinijibu hivyo."

"Nitajibuje? Mnaniomba niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ni mwongo. Mkono huo huo ninaoandikia karatasi za chupa. Nani atanunua tena nilichoandika?"

Senje Nekesa alinishika bega. Alikuwa analia Senje, na kilio chake nakijua tangu utoto, kinaingia mifupani. "Piga magoti, mama. Kwetu mtoto hamwachi mzazi wake aaibike mbele ya wakwe. Hata kama ana kosa. Hasa akiwa na kosa. Piga magoti, useme neno moja, nitakulipia kwa machozi yangu maisha yangu yote."

"Senje, hawa si wakwe tena."

"Basi mbele ya watu!"

Mzee Opiyo alijaribu. Mungu amweke. "Phares, ndugu yangu," alisema, "mwache mtoto. Hata mimi limau lanitosha."

Hakuna aliyecheka. Jikoni mafuta ya mbuzi yalidondokea makaa, yakalia.

Baba aliweka mikono magotini akasimama. Alitembea hatua chache zilizokuwa kati yetu. Alinukia mchaichai na udi, udi mara tatu, ngozi yake kavu imeishika harufu vizuri kama nilivyokusudia.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ile aliyoniambia nayo kwamba mama ametutoka. "Sikuombi useme mimi ni mwema. Sema tu samahani. Kwangu pia, kama unaweza, kwa kunivua nguo mbele ya Opiyo. Neno moja. Nakuomba."

Nawaambieni ukweli wasomaji, nilitamani kulisema. Lilikuwa limefika kwenye meno. Ni neno jepesi, nimelisema mara ngapi kwa wateja wasionilipa, kwa makanga wa matatu walionikanyaga, kwa wanaume walionigonga wao wenyewe nikiwa na sinia langu. Ningelisema, mbuzi angeliwa, baba angelala kwake.

Nilikumbuka nusu lita kumi na mbili. Nilikumbuka nikiinua kila moja kwenye mwanga wa dirisha kuona kama imetulia, nikifikiria wazee wa reli wakinusana mashati Jumatano na kusema, binti ya Mulama ana mkono. Mtu aliyenipa ndoto hiyo alikuwa amesimama mbele yangu, akinukia hiyo hiyo, akitaka mimi ndiye nimwombe yeye msamaha.

Nilichukua kalamu kutoka kwa baba mdogo Kweyu. Senje alishusha pumzi. Sylvance alianza kutabasamu.

Nikachukua chupa ya bluu. Nikageuza karatasi ya Bwana Phares upande usioandikwa, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaipachika juu ya jina la Corvessi kwa ulimi na kidole, nikaisimamisha mezani wote waione. Mithili ya Corvessi. Imechanganywa na Ayuma, Burma. Imefungwa na Mulama, Kaloleni. Imeuzwa kwa uongo na Sylvance Amolo.

"Hiyo ndiyo sahihi yangu," nilisema.

Tabasamu la Sylvance lilikufa likiwa limefika nusu. Baba alisoma jina lake, akalisoma tena, akakaa chini palepale kwenye mkeka wangu.

"Ayuma!" Senje alipiga kelele. "Umemuua baba yako!"

Bwana Phares alibonyeza simu, akaiweka sikioni. Tulisikia ikiita. Mara moja. Mara mbili. Mtu akapokea.

"Inspekta? Phares hapa. Niko Kaloleni." Alininyooshea kidole, macho hayaniachi, akaziba simu kwa kiganja. "Nafasi ya mwisho, binti. Mwambie baba yako samahani, au nimtaje."

Wote waliningoja. Hata Sylvance. Hata baba, kutoka chini.

"Mtaje," nilisema. "Na mimi nitaje, nitakuja kueleza mwenyewe. Lakini samahani hamtaipata. Si leo, si kituoni, si mbele ya hakimu, si kwa Sylvance, si kwako, na si kwa baba. Siombi msamaha."